Swali la Nne kwa Balozi Mteule

Mimi nikisikia mtu anasifiwa na watu wote, nashika kwanza mkoba wangu. Sikuzaliwa hivyo. Nimefundishwa na maisha, na miaka mingi ya kusimama mbele ya darasa la tatu, ambako mtoto anayesema "si mimi, Mwalimu" kabla hujauliza kitu ndiye wa kuanza naye. Kwa hiyo siku ilipotangazwa kwamba mtoto wa kaka yangu ameteuliwa kuwa balozi, na simu za mtaa wetu wa Morotonga zikaanza kulia kama kuna harusi, mimi niliendelea kuchambua maharage. Baba yake na mimi ni watoto wa ndugu wawili, na kwetu huyo ni kaka yangu kabisa, kwa hiyo pongezi zilikuwa zinanijia na mimi. Nilizipokea kwa mkono mmoja.

Nilitaka kujua jambo moja tu: anapelekwa nchi gani. Kila aliyenipigia alijua gari atakalopewa, ila nchi hakuijua. Mwishowe aliyenitajia ni jirani yangu, muuza dawa za mifugo, ambaye duka lake linatazamana na geti langu. Alikuja mwenyewe kunisomea kwenye simu yake. Aliposema ni nchi ile ya Uarabuni, niliacha maharage.

Mjukuu wangu yuko nchi ile.

Hapa lazima nieleze nyumba yangu, maana asiye wa kwetu anaweza kupotea. Mimi ni mwanamke niliyeoa. Mume wangu alikufa mapema, sikujaliwa mtoto, na ndugu zake wakaanza kulipima shamba langu kwa macho. Nikafanya kile ambacho mila yetu inamruhusu mwanamke wa namna yangu: nikatoa ng'ombe, nikaoa mwanamke kijana ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yangu. Wenyewe tunaiita nyumba ntobhu. Yeye ni mkamwana wangu, ananiita mama, na binti yake wa kwanza ananiita bibi. Baraza la kanisa lilinitenga kwa ajili hiyo, likanikataza meza ya Bwana, nami nikaendelea kukaa benchi la nyuma kila wiki kwa makusudi, wanione.

Huyo binti ndiye aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Alikwenda kwa hiari yake. Sisi tulikataa, yeye akasema ana miaka ya kujiamulia, nami sikuwa na jibu kwa sababu hayo maneno aliyatoa kinywani mwangu. Alitia saini mkataba wa miaka miwili. Waajiri walipompokea tu walichukua pasipoti, wakamwachia simu ya kupiga Ijumaa. Miaka miwili ikaisha, hawakumwachia. Wakamhamishia nyumba ya ndugu yao bila kumuuliza, kama anavyoazimwa mtu jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kila Ijumaa sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

Ijumaa iliyofuata uteuzi alikuwa ameshasikia habari. "Bibi," akaniambia, "dada mmoja wa hapa alinionyesha jengo la ubalozi wetu. Najua njia. Lakini nikifika getini kisha wakanirudisha, hii nyumba nitaishije? Huyo balozi mpya wewe unamjua. Niende, nisiende?"

Nilimwambia anipe muda nifikiri. Alikata simu bila kuaga, nafikiri mtu aliingia.

Basi wengine walipokuwa wakipanga sherehe, mimi kazi yangu ikawa kumpima mteule. Sikumpima kwa nguo wala kwa shahada zake. Nilimpima kwa kile ninachokiamini, ambacho muuza dawa naye anakiamini, na ndicho kilichotufanya marafiki ingawa yeye ni mtu wa kelele. Tunaamini kwamba mtu ni mali ya nafsi yake. Mwili wake ni wake, jasho lake ni lake, na serikali, kanisa, ukoo, au jirani hana haki ya kumgusa mpaka awe ameumiza mwingine. Muuza dawa amekulia Sirari, ambako baba yake alivusha mahindi mpakani maisha yake yote na kila msimu alikutana na kizuizi kipya na mtu mpya wa kumpa chochote. Imani yake ameipata huko. Mimi yangu nimeipata kwenye benchi la nyuma.

"Wacha nikwambie, Mwalimu," alisema, amekaa juu ya katoni ya dawa ya kupe. "Kiongozi mimi namuuliza maswali matatu tu. Alipiga? Alinyang'anya? Alizuia? Akipita hapo, huyo ni wangu, hata akiwa bubu."

Tukampima. Mtoto wa kaka yangu aliwahi kuwa afisa tarafa upande wa Tarime, miaka ile ambayo wenzake walikuwa wakipita na mgambo kukamata mbuzi za watu kwa ajili ya michango, na asiyekuwa na mbuzi alibebewa bati la jikoni. Kwake mgambo walilala. Mchango ulitangazwa, aliyetaka akatoa. Wenzake walifunga vilabu vya pombe saa za kazi. Yeye vilabu vyake vilikuwa wazi na watu walilima vilevile. Mahindi yalikwenda Sirari na yakapita. Baadaye akawa mkuu wa wilaya mbali huko, na huko nako hatukusikia amemchapa mtu wala kumweka ndani kwa kuchelewa mkutano.

"Rekodi safi kabisa!" Muuza dawa alipiga paja. "Hakupiga, hakunyang'anya, hakuzuia. Mtu kama huyu hata ukizunguka na taa mchana humpati. Sasa wewe uso umekunja wa nini?"

Uso niliukunja kwa sababu kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu huyu alikuwa na kimya kingi mno. Lakini na mimi nilikuwa na deni la shukrani kwake. Wakati nilipooa, baraza la kanisa lilituma watu waende hadi kwa serikali, wakitaka ndoa yangu ivunjwe kwa amri. Ng'ombe na ukoo wa mkamwana wangu vilikuwa upande wake wa Tarime, kwa hiyo shauri lilimfikia yeye. Aliwakaribisha chai, akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Kila mtu na nyumba yake." Wakarudi na kofia zao mkononi. Sentensi ile niliipenda. Niliirudia miaka yote, hata kwa wanafunzi, kwamba hivi ndivyo mwenye madaraka anavyotakiwa kusema. Wakati mwingine nilijiuliza kama aliisema kwa imani au kwa sababu mimi ni shangazi yake, ila nilipofika hapo niliacha kujiuliza.

Jioni ile nikaingia nyumbani nikiwa nimeelekea kumwambia mtoto aende. Mkamwana wangu alikuwa anapukuchua mahindi. Ni mwanamke wa maneno machache, ukimpa habari njema anasema "sawa," ukimpa mbaya anasema "sawa." Nilimsimulia yote tuliyoyasema dukani, nikamalizia na ile sentensi yangu ninayoipenda.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Hayo maneno niliambiwa na mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikakaa.

Alinisimulia akiwa anatazama mahindi. Alikuwa darasa la sita. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, msimu wa tohara, na kwao walishaandaa mtama wa pombe na siku ilishapangwa. Yeye hakutaka kukatwa. Alitoka alfajiri kama anakwenda kuchota maji, akaacha ndoo njiani, akatembea hadi ofisi ya tarafa, kwa sababu shuleni waliambiwa serikali imekataza. Afisa tarafa alimkaribisha vizuri. Alimpa kiti. Hakumfokea, alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mambo ya mila yeye haingilii, kila mtu na nyumba yake, akamwita tarishi amrudishe kwao kwa baiskeli.

"Nilikaa nyuma kwenye keria," alisema mkamwana wangu. "Tarishi alikuwa ananiambia nishike vizuri nisianguke."

Walimkata wiki ileile. Baada ya hapo wakamwoza kwa mzee mmoja, na kutoka kwa mzee yule ndiko alikonikimbilia mimi. Habari za mzee nilizijua. Habari za ofisi sikuwahi kuzisikia, na tumekaa nyumba moja miaka yote hiyo, tumezika na kulima pamoja.

Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi. Maneno yaleyale yaliyoweka uzio kwenye ua wangu ndiyo yaliyomfungia yeye mlango. Nilikuwa nimeyasifu miaka yote mbele yake, mezani, yeye akinipakulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unayapenda," alisema. Kisha akaongeza, "Na wewe usimwambie mtu. Hiyo ni habari yangu. Sema ya mtoto ukitaka, yangu iache."

Kesho yake nilikwenda dukani, nimefungwa mdomo kwa ahadi. Nilimwuliza muuza dawa kama ninatega kitendawili: mtoto anakimbizwa na watu wanaotaka kumkata mwili bila ridhaa yake, akaja kwako mwenye madaraka, ukamrudisha kwao kwa upole. Je, umepiga? Umenyang'anya? Umezuia?

Alikuna shingo. Muuza dawa ni mtu mwaminifu katika imani yake, hilo nampa. "Hapo," alisema, "kumlinda huyo si kuingilia. Hiyo ndiyo kazi ya serikali, na ni hiyo tu peke yake. Mtu akivamiwa, lazima mlango ufunguliwe. La sivyo kodi zetu wanakula za nini?"

"Basi maswali yako hayatoshi. Hayana hilo."

"Ongeza la nne, lakini chunga, Mwalimu. Ulinzi ukianza hauna breki. Leo wanamlinda msichana, kesho wanakulinda wewe dhidi ya ng'ombe wako mwenyewe. Na huyo mjukuu wako si alisaini?"

"Mkataba umeisha."

"Basi atoke."

"Mlango umefungwa na pasipoti iko kwenye kabati la mtu!"

"Basi huo si mkataba tena, huo ni wizi wa mtu," alisema, na nikampenda kwa hilo. Lakini hakuishia hapo. Hawezi kuishia pazuri. "Ila nyani haoni kundule. Huyo mkamwana wako uliyemtolea ng'ombe, yeye mlimuuliza?"

Niliondoka bila kuaga. Nilikwenda moja kwa moja hadi shambani alikokuwa analima, nikamwuliza juu ya matuta, nikihema: "Mimi nilipokuoa, uliulizwa?"

Aliegemea jembe akanitazama kama mtu anayejiuliza kama nimepata homa. "Mimi ndiye niliyekuuliza, mama. Sokoni. Nilikwambia umrudishie yule mzee ng'ombe zake, nije kwako. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilitaka tu kusikia likisemwa na yeye.

Sherehe ikafika. Ilifanyika nyumbani kwao, Tarime vijijini, si mbali sana na Kemambo nilikozaliwa mimi. Maturubai yalijaa uwanja, spika zilikuwa kubwa kuliko nyumba ya jikoni, na ng'ombe waliochinjwa walionekana kwa ngozi zilizotandazwa juu ya miiba. Wazee walimwita mbele: "Mura, kijana wetu, simama tukuone!" Akasimama, suti ya kijivu, kichwa kimeanza mvi, tabasamu lilelile la utotoni la mtu asiyetaka ugomvi. Binamu zetu waliovuka kutoka upande wa Kenya walipiga kelele nyuma, "Huyo ndiye ambasada wetu, bana! Tumeomoka, umaskini umeisha!" Mkamwana wangu hakuja. Alisema ana kuku wa kuangalia.

Kwetu mtu wa ukoo akienda mbali, hafungiwi safari kwa sala ya mchungaji peke yake. Mchungaji aliomba, tukasema amina. Halafu ikaja zamu ya nyumbani: shangazi anachukua funda la maziwa na kumpulizia msafiri kifuani, na kumtakia njia nyeupe. Lakini kuna sharti. Mwenye jambo moyoni dhidi ya msafiri analisema kwanza, mbele za watu. Ukipuliza huku una jambo, wazee wanasema maziwa yanachacha njiani na msafiri harudi mzima. Mimi ndiye shangazi mkubwa aliyebaki. Kibuyu kikaletwa kwangu, na mshereheshaji akaweka kipaza sauti mdomoni pangu akitegemea vigelegele.

"Mwanangu," nikasema, "nina swali."

Watu walicheka kidogo. Mwalimu hastaafu, mmoja alisema.

"Msichana wa kwetu akija kugonga geti la ubalozi wako, na nyuma yake amesimama mtu mwenye karatasi anayesema huyu ni wangu, utafungua?"

Tabasamu halikuondoka. Alishika kipaza sauti chake vizuri, akasema, "Shangazi, nashukuru kwa swali zuri sana. Ubalozi unafanya kazi kwa kuheshimu sheria za nchi mwenyeji na kwa kushirikiana na mamlaka husika. Kila jambo litashughulikiwa kwa utaratibu wake."

Makofi yakapigwa. Ni upole uleule wa kiti na kusikilizwa mpaka mwisho, na tarishi anasubiri nje na baiskeli.

"Sikuuliza utaratibu," nikasema. "Nimeuliza geti."

Mshereheshaji akacheka kwa nguvu kwenye spika, akasema shangazi zetu bwana, akanivuta kipaza sauti taratibu kana kwamba ananisaidia. Kibuyu kilikuwa bado mkononi mwangu. Watu wote wakasubiri. Nilichukua funda. Mteule akanisogelea, akafungua koti, akainua kifua kama mtoto anayepimwa shati. Nilimtazama. Nilikuwa nataka kumpulizia, Mungu ni shahidi, kwa ajili ya yule mtoto wa Ijumaa. Ila mdomo haukukubali.

Nikayameza.

Kicheko kikalipuka kuanzia kwa binamu wa nyuma. "Bibi ana kiu!" Mwanamke mwingine wa ukoo, mdogo kwangu, akakimbia, akaninyang'anya kibuyu, akapuliza haraka haraka, vigelegele vikafunika aibu. Sherehe ikaendelea. Nikapelekwa kwenye kiti na sahani ya nyama, kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

Yeye hakucheka. Baadaye alinifuata nyuma ya turubai, akainama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Umenimezea baraka yangu."

"Ukifungua geti, nitakuja kukutemea hata huko."

Alitabasamu, lakini macho yalikuwa yananichunguza. "Huyo msichana ni nani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kulitaja jina. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nikamshuku tena: nikimwambia ni mjukuu wangu, ataahidi, na atakuwa ameahidi kwa shangazi yake, kama labda alivyoiachia nyumba yangu kwa sababu ni ya shangazi yake. Nilichotaka kujua ni kama atamfungulia mtu asiyemjua. "Ni binti wa mtu," nikamjibu. Wakamwita apige picha, akaondoka.

Nilirudi Morotonga nikiwa nimejaa kiburi, na kiburi hicho kiliishia mlangoni. Mkamwana wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alipandisha sauti.

"Ulipewa nafasi ya kutaja jina, hukutaja?"

"Nilitaka kumpima kwanza."

"Huyo ni mwanangu!" alisema. "Si mtihani wa darasa la tatu."

Nilikuwa na imani yangu, ndiyo, ila yeye ndiye mwenye mtoto. Usiku na mchana vilipita tukipishana jikoni kama wapangaji. Muuza dawa alikuwa amekwenda Nyambureti kuchanja ng'ombe za watu, kwa hiyo sikuwa hata na mtu wa kugombana naye.

Ijumaa ilipokuja, simu ilipolia, mkamwana wangu aliichukua kabla yangu. Nilijua atakachoulizwa. Niende, nisiende? Alitoka nayo uani, akasimama karibu na zizi, ila sauti ilinifikia.

"Bibi yako hajui," alimwambia. "Na mimi sijui. Nilipokuwa mdogo kuliko wewe niligonga kwa mtu huyohuyo, akanirudisha." Akamsikiliza kidogo. "Hapana, sijutii kugonga. Ninachojutia ni kurudi kwa ile baiskeli. Wewe amua mwenyewe, mwanangu. Mimi sikuambii nenda, na sikuambii kaa."

Habari aliyonikataza kuisema kwa mtu yeyote, alimpa mwanawe yote kwa dakika chache hizo. Kisha akarudisha simu mezani, akaenda kukamua.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Na nyingine haikulia. Mimi niliacha kula vizuri. Nilikaa na simu mapajani hata kanisani, na aliyetaka kunikemea alinitazama usoni akaghairi. Niliyafikiria yale maziwa. Niliamini, mimi mwalimu mzima niliyefundisha sayansi, kwamba nimeyameza maisha ya mtoto. Magazetini tulisoma kwamba balozi mpya amewasili na kupokelewa. Muuza dawa alirudi, akasikia, akaja kukaa nasi bila kubishana na mtu, jambo lililonitisha kuliko yote.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tunaanika mtama, simu ikalia kwa namba ndefu nisiyoijua.

"Bibi, ni mimi. Niko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ubalozini. Nimelala hapa."

Alikuwa anaongea haraka na kulia na kucheka. Alikuwa ametumwa dukani, akaendelea kutembea. Alipofika getini mlinzi alimuuliza barua ya mwajiri, na kabla hajajibu gari likafika, mwenye nyumba akashuka na mkataba mkononi, akisema kwa sauti kubwa kwamba huyu ni mfanyakazi wake na ana haki naye. Mlinzi akaanza kurudi nyuma. Ndipo mtu mwenye mvi kidogo akatoka ndani kwa miguu, hana hata koti, akasimama kati yao.

"Akasoma ile karatasi yote, bibi, polepole, mpaka mwisho. Nikajua nimekwisha. Halafu akamrudishia, akasema, 'Umeisha muda wake. Huyu haendi.' Yule akapiga kelele, akataja wakubwa. Yeye akasema tena, 'Haendi.' Akafungua geti mwenyewe, akaniambia pita."

"Alijua wewe ni nani?"

"Hapana. Aliniuliza kwetu ni wapi tulipoingia ndani, nikasema Mugumu, Morotonga, nikakutaja. Akakaa chini kabisa. Huyu hapa, anataka kukusalimu."

Sauti yake ilikuja, imechoka. "Shikamoo, shangazi. Nimefungua."

Niliitikia. Sikumbuki kama nilisema asante, natumaini nilisema. Nilikuwa tayari nimeanza kushuku, ndivyo nilivyo: nikijiuliza kama ni swali langu, au ni kuogopa maziwa, au ni kwamba tarehe kwenye karatasi ilimpa ruhusa, au ni moyo. Sijui mpaka leo. Muuza dawa anasema nia haimhusu mtu, kitendo ndicho kinahesabiwa, kwani muungwana ni vitendo. Labda.

Nilimpa mkamwana wangu simu. Alizungumza na mwanawe muda mrefu, mara nyingi akisema "sawa," lakini "sawa" zile zilikuwa zinatetemeka. Muuza dawa alikuwa amevuka barabara, na alipoelewa alianza kurusha kofia juu na kuita majirani. Nilimshika mkamwana wangu bega, nikasema, "Umeona? Ametufungulia. Mtoto anarudi!"

Alikaa kwenye ukingo wa turubai la mtama, simu imelala kiganjani. Alikuwa amefurahi, nilimwona amefurahi, machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. Alitazama barabara, ila sidhani kama alikuwa anaiona.

"Kumbe alikuwa anaweza," alisema.